Gari limetoka gereji na ugonjwa uleule: anza na dalili, spea baadaye

Tatizo la injini likirudi baada ya kubadilisha spea, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: spea yenyewe ni mbovu, au haikuwa chanzo. Gereji hupenda kuzungumzia ile ya kwanza, maana lawama zinakwenda kwa muuza spea. Kwa magari ninayoyaona yakienda na kurudi hapa Arusha, ya pili ndiyo kubwa. Kitu kimebadilishwa kwa kukisia, dalili imetulia kidogo, bili imelipwa, chanzo kiko palepale. Na usidhani hayo ni ya chini ya mwembe tu. Gereji za wakala wa kampuni ya gari zenye vigae na kahawa ya bure mapokezini nazo hukisia, ila kukisia kwao kuna bei ya juu zaidi.

Nimepanga kwa dalili. Kuchemsha kumechukua nafasi kubwa kwa sababu ndiko kunakoua injini nyingi katika nchi hii ya milima.

Kabla hujalipeleka kokote

Gereji hulipima gari likiwa limepoa na limesimama. Tatizo lako linatokea likiwa la moto, limebeba watu, linapanda Ngaramtoni. Kwa hiyo jibu la "hatujaona kitu" mara nyingi si uongo, kweli hawajaona. Ni juu yako kuwawekea mazingira ya kuona.

Andika kwenye simu: injini ilikuwa baridi au moto, mlima au tambarare, AC ilikuwa imewashwa au la, mshale wa joto ulikuwa wapi, mafuta ulijaza kituo gani mara ya mwisho. Rekodi video ya dashibodi na ya moshi unaotoka kwenye eksosi. Sauti nayo irekodi, maana ikifika gereji huwa inanyamaza.

Halafu usikubali taa ya injini izimwe kabla namba ya hitilafu haijaandikwa. Fundi wa mtaani mwenye kile kisomeo kidogo cha bluutuuthi atakufutia kwa roho safi kabisa, kumbe amefuta ushahidi. Pamoja na ile namba, kompyuta ya gari huhifadhi hali ilivyokuwa pale taa ilipowaka: kasi, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo. Kuchomoa betri nako mara nyingi hufuta. Ukienda kwa wakala na kumbukumbu tupu, umempa sababu ya kukurudisha nyumbani.

Gari linachemsha

Swali la kwanza ni linachemshia wapi.

Likichemsha kwenye foleni ya Sanawari au Kilombero, lakini ukishika barabara ya Moshi mshale unashuka, tatizo ni upepo. Washa AC: kwenye magari mengi madogo feni ya umeme inatakiwa izunguke hapohapo. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei, kisha mota, kwa mpangilio huo, kwa sababu ndio mpangilio wa bei. Kwenye Land Cruiser na Prado nyingi za dizeli feni huzungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha imezimwa kweli, halafu sukuma feni kwa mkono. Ikiendelea kuzunguka yenyewe bila ukinzani wowote, klachi imechoka, na kubadilisha rejeta hakutasaidia kitu.

Likitulia mjini lakini likachemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, shuku rejeta iliyoziba au gasketi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku lake) inayoanza kufa. Rejeta huziba kwa nje kwa matope na wadudu, na kwa ndani kwa kutu na chumvi. Hapa ndipo suala la maji linapoingia. Maji ya ukanda wa Meru yanajulikana kwa floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Vyovyote yalivyo, maji ya bomba au kisima hayana dawa yoyote ya kuzuia kutu. Fundi akisema "huku hakuna barafu, kulanti ya nini?", anazungumzia nusu moja tu ya kazi ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Nusu nyingine ni kulinda alumini ya hedi na mapezi ya pampu ya maji, na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Na kiwango cha kuchemka huku kwetu si jambo la darasani. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, huchemka karibu na 95. Ukingo wa Ngorongoro, juu ya mita 2,200, ni kama 92. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta. Springi yake hushikilia presha iliyoandikwa juu yake, mara nyingi bar 0.9 au 1.1, na presha hiyo hupandisha kuchemka kwa karibu nyuzi 20. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, gari ambalo halikuwahi kuleta shida Dar es Salaam litamwaga maji likipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote katika mfumo huu, na ndiyo inayorukwa. Hedi zimeshushwa hapa mjini kwa ajili ya kifuniko. Wanaopanda Moshi kila Desemba kula Krismasi nyumbani wangefanya vyema kubadilisha kifuniko kabla ya kununua mbuzi.

Kuhusu themostati, mlango unaofunguka maji yakipata joto ili yapite kwenye rejeta: ukiambiwa "tumeitoa, sasa haitachemsha", hawajatibu kitu. Themostati za kawaida hufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Bila hiyo, injini inafanya kazi ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli, na oili inachafuka mapema. Mbaya zaidi, kwenye baadhi ya injini, zikiwemo za Toyota, themostati pia hufunga njia ya mkato ya maji ikishafunguka. Ukiitoa, njia ile hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na ukipanda Kibosho gari linachemsha vilevile. Kama ipo hofu kuwa imekwama, itoe, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, uone kama inafunguka. Hakuna haja ya kompyuta.

Sasa hali inayogharimu: maji yanapungua, chini hakuna tone. Hapo watu hurukia kushusha hedi. Pima kwanza. Kuna dawa ya bluu ambayo huwekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, injini ikiwa inanguruma, ikavuta hewa ya humo ndani. Moshi wa silinda ukiwa umepenya kwenye maji, dawa hugeuka njano kwa petroli, kijani kwa dizeli. Gereji ya wakala isiyo na kichupa hicho na bado inakuandikia bili ya kushusha hedi, muulize bwana wa mapokezi amejuaje. Dalili nyingine za kweli ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha injini ya baridi, na mapovu yasiyokoma.

Ila jihadhari na ishara moja: ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili. Juni na Julai Arusha ina baridi, na gari linalotoka Njiro kwenda mjini na kurudi halipati joto la kutosha kukausha unyevu. Ute ule unajikusanya pale juu bila gasketi kuwa na kosa lolote. Chomoa dipstiki; kama oili ya chini ni safi na maji hayapungui, usimruhusu mtu afungue injini.

Ikithibitika ni gasketi, swali linalozuia tatizo kurudi ni moja: hedi imepimwa? Hedi iliyochemka hupinda. Hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na kwa injini nyingi ndogo za Toyota ikizidi milimita 0.05 upande wa bloku haifai kufungwa hivyo. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itashika muda mfupi tu. Dai uandikiwe kipimo. Dai pia boliti zikazwe kwa toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa hatua za kitabu cha injini hiyo. "Mkono wangu umezoea" si kipimo.

Wenye Harrier, Alphard au Ipsum za injini 2AZ-FE ya lita 2.4, hasa za kabla ya 2007, mnalo la ziada. Injini hii inajulikana kwa nyuzi za boliti za hedi kung'oka ndani ya bloku la alumini, zaidi upande wa nyuma. Boliti inazunguka bila kukaza, gasketi inavuja, unabadilishiwa, inavuja tena. Tiba yake ni kuchonga matundu na kuweka nyuzi za chuma. Mwambie fundi mapema, kabla hajanunua gasketi.

Injini inatetemeka, inamisi, taa inawaka

Namba ya hitilafu P0300 maana yake injini inamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, popote pale. P0301 hadi P0304 hutaja silinda. Ukipata P0302, kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi: hamisha koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda ya pili iende ya tatu, futa namba uliyokwisha kuiandika, endesha. Ikija P0303, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0302, koili haina kosa; hamisha plagi, kisha fikiria nozeli inayonyunyiza mafuta, kisha kompresheni, yaani presha ndani ya silinda. Jaribio hili ni la dakika chache, na bado watu wanauziwa koili nne kwa mpigo.

Namba ya hitilafu hutaja kilichosikika, haitaji mhalifu. P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Kinachobadilishwa mara nyingi ni sensa ya oksijeni, ambayo kosa lake ni kusema ukweli. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa ya hewa, sensa ya hewa yenyewe ikiwa imeshika vumbi, au pampu ya mafuta iliyochoka. Vumbi ndilo la kwetu zaidi. Filta ya hewa inayopulizwa na kompresa kila baada ya safari ya Loliondo hutoboka karatasi, vumbi linapita moja kwa moja hadi kwenye sensa. Nunua filta mpya.

Noah na Voxy za zamani zenye injini ya D4, ile 1AZ-FSE: petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa na masizi hujijenga pale. Kuosha nozeli peke yake hakufikii masizi hayo. Saileza (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) itarudi kuwa mbovu hadi manifoldi ishushwe na valvu zisafishwe.

Kama kumisi kulianza tanki moja baada ya kujaza mafuta mahali usipopazoea, anza na mafuta. Hifadhi risiti ya kituo na sampuli kwenye chupa safi ya kioo. Anayesimamia sekta ya mafuta ni EWURA, na bila risiti huna la kuwaambia.

Linakosa nguvu

Kwanza tenganisha ugonjwa na mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. IST iliyoletwa kutoka Tanga itakuwa nzito Arusha, na hakuna spea ya kutibu hilo.

Kwa dizeli, moshi mweusi mzito na kuvuta kidogo huanza kuchunguzwa kwenye filta ya hewa, kisha filta ya dizeli na maji yaliyotuama chini yake. Magari ya watalii yanayojaziwa kwenye madumu porini yamwagwe maji ya filta mara kwa mara.

Wenye Prado na Hilux za injini ya dizeli 1KD, lita 3.0, sikilizeni. Turbo ikifa, ukabadilishiwa, ikafa tena, usinunue ya tatu. Turbo hufa kwa kukosa oili. Kwenye injini hii, vioshi (washa za kuzibia) vya chini ya nozeli vikivuja, moshi wa silinda huingia kwenye oili na kuifanya lami, lami inaziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, beseni la oili chini ya injini. Anayeumia kwanza ni turbo, anayefuata ni krenki. Mwambie fundi ashushe sampu akuonyeshe chujio, upige picha.

Linakula oili

Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha, kisha ukapotea: sili za valvu. Moshi wa bluu ukikanyaga mafuta: ringi za pistoni. Kabla ya yote mawili, badilisha valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa ndani ya injini kwenda kwenye manifoldi, ambayo ni ya bei ndogo na ikikwama huvuta oili kwenye manifoldi.

Ukienda kwa wakala ukasema "linakula oili", utajibiwa kila injini hula kidogo. Nenda na kipimo. Toyota ilipobanwa na wateja wa Marekani kuhusu 2AZ-FE, utaratibu ulikuwa huu: oili inajazwa hadi alama, gari linaendeshwa maili 1,200, yaani karibu kilomita 1,900, linarudi kupimwa, likiwa limekula zaidi ya kwati moja, karibu lita nzima, linastahili kufunguliwa. Fanya hivyo na gereji yako. Wajaze wao, waandike kilomita wao, wagonge muhuri wao.

Mbele ya kaunta

Kwenye kadi ya kazi usikubali waandike "gari lina shida ya injini". Taja mwenyewe, kwa upole lakini neno kwa neno: "Kaka, naomba uandike hivi: taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu likipanda, injini ikiwa ya moto, gia ya tatu, baada ya kama nusu saa ya safari. Limeshabadilishiwa koili hapa hapa, tatizo halijaisha." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kazi, maana inaonyesha hili ni tatizo linaloendelea na si kazi mpya ya kulipiwa upya.

Omba fundi, si dada wa mapokezi, aingie kwenye gari mwende wote. Kutoka Moshi panda Marangu kupitia Himo, au toka Kwa Sadala uelekee Machame. Kutoka Arusha, Ngaramtoni inatosha. Kisomeo kiwe kimechomekwa mnapopanda. Wakikataa kwenda kujaribu barabarani, waandike kwenye kadi kwamba wamekataa. Mara nyingi kalamu ikiguswa, funguo zinapatikana.

Kabla hawajabadilisha kitu, uliza maswali mawili. Mmepima nini kinachoonyesha ni hiki? Na kisipotibu, bili inakuwaje? Ukipewa jibu la kunung'unika kwa la pili, umeshajua wanavyoliamini jibu la kwanza. Spea ya zamani uondoke nayo. Risiti ya EFD uondoke nayo, ikitaja spea na kazi, si "matengenezo" tu.

Gari likiwa ndani ya dhamana, fanya sevisi kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu na utunze kila karatasi, maana kisingizio cha kwanza cha kukataa dhamana ni sevisi iliyorukwa. Kama umelinunua kwenye yadi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa biashara hiyo auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Ila kama ulilikagua kabla ya kununua, kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha hutaweza kuzidai. Lalamiko lako liwe barua kwa meneja, lenye tarehe, kilomita na nakala za kadi zote za kazi kwa mfuatano. Tume ya Ushindani, FCC, iliyo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, hushughulika na haki za watumiaji na bidhaa bandia. Ukiwa na rundo la karatasi zilizopangika utasikilizwa. Ukiwa na hasira peke yake utaambiwa ukae kwenye benchi.

Wakisema "badilisha injini"

Wakati mwingine ni ushauri wa kweli. Lakini kabla ya kukubali, omba kompresheni ya silinda zote, injini ikiwa ya moto na throto (mlango wa kuingizia hewa) imefunguliwa hadi mwisho. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari, Arusha zitasoma chini kidogo hata kwa injini nzima, kwa hiyo asikutishe mtu nazo. Linganisha silinda kwa silinda. Kwa injini nyingi za petroli za Toyota tofauti isizidi takribani bar 1. Silinda moja ikiwa chini peke yake, mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi, na vyote viwili vya mwisho hutengenezwa bila kutupa injini.

Ukiamua kununua ya mtumba, ifanyiwe kipimo hichohicho kabla ya pesa kutoka, na namba yake mpya ipelekwe TRA ibadilishwe kwenye kadi ya gari, la sivyo siku ya kuuza utasumbuka. Rejeta, kifuniko, themostati na mipira ya maji vya zamani visirudishwe kwenye injini mpya. Kama ile ya kwanza ilikufa kwa kuchemka, hivyo ndivyo vilivyoiua.